Matairi Aliyoyachagua Erica

Makole,
Dodoma.
Jumapili, 19 Januari 2025

Mpendwa shemeji Methusela,

Shikamoo. Kwanza mgongo. Umepoa? Mara ya mwisho tulipoongea ulisema ukiinama kufunga kamba za viatu unaona nyota mchana, na nikamsikia mkeo, dada Mwanne, kwa nyuma akikuambia uache kubeba magunia ya chumvi kama kijana wa miaka ishirini. Mimi katika ugomvi huo nipo upande wake. Mwambie nimesema hivyo.

Huku Makole tunamshukuru Mungu. Mvua mwaka huu hazikututupa. Mtama wa mama yenu kule Bahi umefika magotini, alizeti imekaa vizuri, na hata ule ukuta wetu wa nyuma uliokuwa unatishia kuanguka bado umesimama. Anna amerudi shuleni Kondoa akiwa amenenepa, maana likizo nzima alikuwa anakula mikate inayotoka tanurini ikiwa bado ya moto.

Tanuri lenyewe nimelibomoa. Mdomo wake ulikuwa umepasuka na moshi unarudi ndani, mikate inanuka kuni. Fundi ananijengea jipya, kwa hiyo wiki mbili hizi nimekuwa mtu asiye na kazi, natembea nyumbani kama mgeni. Ndiyo maana Jumamosi iliyopita nilipata nafasi ya kusafiri na mke wangu Erica, na ndiyo maana unasoma barua hii.

Najua unachosubiri. Siku ile kwenye simu uliuliza, "Mmeshafunga yale niliyowaambia?" Nikakujibu, "Shemeji, tumefunga mengine," na hapohapo mtandao wenu wa Uvinza ukakata. Tangu hapo kila nikipiga hupatikani. Nikaogopa utadhani nimekukatia kwa makusudi, au utadhani dada yako Erica amekudharau. Hajakudharau. Nivumilie nikueleze tangu mwanzo.

Ulipomwachia ile pikapu ulisema kazi yake inaihitaji kuliko yako, na ulisema kweli. Tangu uondoke, visima vya pampu za sola vimeongezeka sana vijijini, lakini mafundi hawajaongezeka. Asubuhi yuko Chamwino, mchana anaitwa Bahi, kesho yake Chemba. Nyuma ya gari kuna mabomba, mota za pampu, kapi, na ile miguu mitatu ya chuma ya kuvutia mabomba kutoka kisimani. Zile springi ndefu na shokapu ulizofunga ili kuinyanyua zimemsaidia mno. Kwenye makorongo ambako wengine wanasugua tumbo la gari, yeye anapita. Hilo anakushukuru kila wiki.

Matairi ndiyo yaliyokuwa yamechoka. Ya mbele yalikuwa yamebaki na kashata, yaani meno ya tairi, kama za kandambili za zamani, ya nyuma ni vipara kabisa. Mwezi wa kumi, akitoka kwenye kisima kimoja cha ndani huko Chamwino, kisiki cha mgunga kilipasua tairi ubavuni. Unajua ubavu hauzibwi pancha. Akafunga spea, na spea nayo ilikuwa kipara. Alirudi nyumbani mwendo wa mtu anayebeba mayai, na alipofika alikaa muda mrefu ndani ya gari kabla ya kushuka.

Basi kila mtu akawa fundi wa matairi. Wewe ulisema ya matope, yale makubwa kabisa yenye meno kama ya trekta. Jirani akasema hivyohivyo. Mimi mwenyewe, nisifiche, nilisema hivyohivyo, kwa sababu gari refu lenye matairi yale linapendeza, linatisha, na nilijiona tayari nimekaa ndani yake nikipita sokoni Majengo na mikate yangu.

Erica alisikiliza wote, akasema asante, kisha akafanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu alilifikiria. Wiki nzima akawa anaangalia gari lake linakanyaga nini. Jioni wakati wa kula ananiambia, "Leo lami tupu, kasoro kile kipande cha kuingilia kisimani." Kesho yake, "Leo lami, halafu mawe, halafu mchanga wa korongo." Matope hayakutajwa. Mwishoni mwa wiki akaniambia, "Baba Anna, matope yanatutisha kwa sababu yanatukwamisha na watu wanatucheka. Lakini mimi siishi kwenye matope. Mimi naishi barabarani."

Nikamwambia, "Na masika, Bahi ikijaa maji?"

"Masika nitafikiria namna ya masika."

Huyo ndiye dada yako. Ulimlea wewe, unamjua.

Hakuishia hapo. Kuna kijana anaitwa Khalidi, anasomba mpunga kutoka mbugani Bahi na gari kama letu, naye amefunga yale matairi ya matope hasa. Erica akamwomba waende pamoja asubuhi moja, amwendeshe. Mimi nilikaa nyuma. Kwenye lami yanalia, shemeji! Yanavuma kama mashine ya kusaga, ilibidi tuongee kwa kupaza sauti. Lakini Erica hakujali kelele. Alikuwa anatafuta kitu kingine. Tulipofika kwenye barabara mpya ya mzunguko inayojengwa, palikuwa na kipande kimekwisha kuwekwa lami na gari la maji lilikuwa limetoka kumwaga. Hakuna magari. Erica akasema, "Khalidi, hebu kanyaga breki hapa kwenye maji. Si kwa utani, kanyaga kweli."

Khalidi akakanyaga. Gari halikusimama, liliteleza. Liliendelea kwenda mbele, mkia unataka kupita kushoto, mpaka lilipojisikia lenyewe ndipo likatulia. Khalidi akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeshtuka, akasema, "Ndivyo yalivyo dada. Matope ni ndugu zake, lami si kwao. Mimi lami ya mvua nakwenda polepole tu, Mungu anajua."

Erica hakucheka. Alisema tu, "Asante. Nimeona nilichotaka."

Sasa twende dukani. Kwa Abdulrahim, yule mwenye duka la matairi barabara ya kwenda Singida, mtu mkunjufu, maneno mengi. Kuliona tu gari lilivyonyanyuliwa, akaita vijana wateremshe yale makubwa. "Mama, hili gari linadai haya. Ukiweka madogo utaliaibisha."

Erica akamwuliza, "Nikikata usukani mpaka mwisho, hayatasugua madigadi?"

"Yanasugua kidogo tu. Tutakata plastiki."

"Na breki zangu ni zilezile zilizotoka na gari. Zitalizuia gurudumu zito hivyo nikiwa na mota na mabomba nyuma?"

Abdulrahim, na hapa ndipo nilipompenda yule mzee, akavuta kiti akakaa, akamwambia Erica naye akae. Akasema, "Haya, tuanze upya. Unaendesha wapi, kila siku, na unabeba nini?" Wakazungumza mpaka chai ikaletwa. Mimi sikuambulia hata nusu. Nilichoelewa ni kwamba kuna matairi ya mchanganyiko, si ya lami tupu wala si ya matope tupu. Kashata zake zimekaribiana zaidi, zina mipasuko midogomidogo ya kukata maji kwenye lami, lakini pembeni zina meno ya kukwea mawe na mchanga. Akachagua yale yaliyoongezwa nguvu ubavuni, kwa ajili ya miiba na visiki vyetu. Kwa ukubwa, alipanda kidogo tu kuliko ya kiwandani, yajaze nafasi bila kusugua. Akainama kusoma tarehe ubavuni mwa kila moja, moja akalirudisha kwa sababu lilikuwa limelala dukani muda mrefu. Abdulrahim hakubisha. Alimwambia kijana wake, "Mletee mama lingine."

Kwa hiyo yale yako hatukununua. Ulisema, "Ukifunga mengine utanikumbuka." Tulikukumbuka kweli, nitafika huko.

Mtaani walitusema. Gari refu hivi, viatu vya kawaida hivi. Jirani mmoja alisema, "Mwili wa askari, viatu vya karani." Erica alicheka kuliko wote. Mimi iliniuma kidogo, nakiri, maana nilikuwa nimeshazoea ndoto yangu ya Majengo.

Sasa Jumamosi iliyopita.

Mjomba wenu Sebastiani alikuwa amepiga simu usiku wa kuamkia siku hiyo. Pampu ya kijijini kwake imekufa. Watu wamerudi kunywa kwenye madimbwi pamoja na ng'ombe, na mvua zimezoa kila uchafu ukaingia humo. Zahanati ina wagonjwa wa kuhara, wengi watoto, na muuguzi anatafuta maji kwa baiskeli. Mjomba hakuomba kitu. Aliongea tu mpaka sauti ikamwishia. Erica akamwambia, "Mjomba, kukicha tutakuwa njiani."

Mama alikuwa hapa kwetu tangu sikukuu. Aliposikia ni kwa kaka yake akasema habaki. Tukamwambia njia mbaya, mama. Akasema njia hiyo aliipita kwa miguu kabla wewe Methusela hujazaliwa, akachukua khanga yake, akasimama mlangoni mwa gari akisubiri kuinuliwa. Maana hicho ndicho kitu kimoja anachokulaumu nacho, kwamba ulilinyanyua gari ukasahau una mama. Tukamkalisha mbele. Mimi nikakaa kiti cha nyuma na vifaa vidogovidogo magotini.

Tulitoka mjini mvua ikiwa ya rasharasha. Tulipopita Nala ikakaza. Lami ikawa inang'aa kama imepakwa mafuta, na malori yanarusha maji hadi kwenye kioo. Erica anaendesha, mikono yote miwili kwenye usukani. Mama anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

Mbele yetu palikuwa na bodaboda. Dereva, na nyuma yake mwanamke amebeba mtoto mgongoni, amemfunika kwa nailoni. Walikuwa mbali ya kutosha, Erica hakuwa amewakaribia. Ghafla pikipiki ikayumba, ikalala. Yule dereva aliteleza na pikipiki yake mpaka pembeni ya barabara. Mwanamke alibaki katikati, upande wetu, ameketi kwenye lami.

Erica hakupiga kelele. Nilisikia breki, nikasikia mabomba nyuma yakigonga boksi, gari likainamisha pua, mama akasema "Yesu!" mara moja tu. Gari halikwenda kushoto, halikwenda kulia. Lilikwenda mbele moja kwa moja, likisimama, likisimama, mpaka likasimama.

Na hapo, shemeji, ndipo ilipokuja ile dakika ambayo sitaisahau. Kwa sababu lile gari ni refu. Ukiwa ndani huoni kilicho chini ya pua yake. Tulikuwa tumesimama, na mbele ya kioo hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na mvua na lami tupu. Erica alikuwa ameshika usukani anatazama pale ambapo yule mwanamke alikuwa, hawezi kufungua mlango. Akaniambia bila kugeuka, "Gabrieli. Kaangalie."

Ananiita Baba Anna siku zote. Tangu Anna azaliwe sikumbuki kuitwa Gabrieli.

Nilishuka. Nikazunguka mbele ya gari.

Alikuwa ameketi palepale. Bampa lilikuwa mbele ya uso wake, karibu kiasi kwamba alikuwa ameliwekea kiganja, kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe. Amemvuta mtoto kutoka mgongoni akamfunika kifuani kwa mwili wake wote. Ananitazama. Mtoto akaanza kulia, kilio kikubwa cha hasira, na mimi nikapiga kelele, "Wazima! Erica, wazima wote!"

Ndipo mlango wa dereva ukafunguka. Dada yako alishuka, akakaa kwenye kile kipandio cha gari mvua inamnyeshea. Akalia kidogo. Kisha akajipangusa, akaja, akachuchumaa mbele ya yule mwanamke, akamwambia, "Pole mama. Pole mdogo wangu. Jina lako nani?" Anaitwa Ruthu. Alikuwa amechubuka nyonga na kiwiko, na mkono mmoja ulikuwa unamuuma sana. Dereva wa bodaboda alikuja akichechemea, anaomba radhi kwa kila mtu, hata kwangu. Tairi lake la nyuma, shemeji, lilikuwa kipara kama kisogo changu.

Tukawapakia wote. Mama alimpokea yule mtoto akamkausha kwa khanga yake, na hakumwachia mtu mwingine hadi Bahi. Njiani Erica akasema taratibu, kama anajisemea mwenyewe, "Yale mengine yasingesimama."

Nikakumbuka lile gari la Khalidi lilivyokuwa linakwenda tu kwenye maji, mkia umepinda. Nikakumbuka na mimi nilivyokuwa nayataka yale mengine, kwa ajili ya kupendeza.

Tulimwacha Ruthu na mwanawe kituo cha afya Bahi, wakapokelewa vizuri, na dereva wake akabaki nao. Mimi nikadhani tutageuza, turudi nyumbani, mtu alale. Nikamwambia Erica, "Kwa leo inatosha. Nitampigia mjomba nimweleze." Alikuwa anakaza upya kamba za mabomba. Akasema, "Mjomba ataelewa. Watoto walioko zahanati ndio hawataelewa." Akapanda.

Sasa sehemu yako, na hapa ufurahi. Tulipoacha lami kuingia mbugani kwenye ule udongo mweusi, matairi yetu yalikwenda vizuri mwanzoni. Alishuka akapunguza upepo kwenye yote manne, akaweka fo-wili, tukawa tunakwenda kama bata. Lakini mbele zaidi kashata zikajaa tope, tope likakataa kutoka, yakawa matairi ya udongo yanayozunguka juu ya udongo. Ungekuwepo ungecheka mpaka mgongo upone. Erica hakulazimisha. Sisi wanaume tungekanyaga mafuta mpaka gari likae kwa tumbo. Yeye alisimama mapema, kabla halijazama, akashuka, akavua viatu, akatembea mbele kwa miguu kupima njia kwa kijiti, maji yanamfika kwenye muundi. Akarudi akasema, "Haya si ya kwetu."

Akatoa simu akampigia Khalidi. Kumbe walikuwa wamekubaliana tangu Desemba! Matope yakimzidi, Khalidi anakuja kumvuta, na pampu ya umwagiliaji ya shamba la Khalidi ikiharibika, Erica anaitengeneza. Hiyo ndiyo ile namna ya masika aliyosema ataifikiria. Alikuwa ameshaifikiria wakati sisi bado tunabishana juu ya meno ya matairi.

Khalidi alikuja na lile gari lake linalovuma. Kwenye tope lile, Methusela, nakupa haki yako, lilikuwa linatembea kama liko sebuleni kwake. Akatufunga kamba akatuvuta kipande kibaya chote. Erica akachungulia dirishani akanipigia kelele nikitembea pembeni, "Mwandikie kaka Methusela! Mwambie leo nimemkumbuka!" Basi ndiyo hiyo, nimekuandikia.

Kijijini tulipokelewa na mjomba Sebastiani. Amekonda. Alimsalimu mama kwa Kigogo wakashikana mikono muda mrefu. Mvua ilikuwa imekatika. Erica hakukaa hata kunywa chai. Aliomba vijana wenye nguvu, wakasimamisha ile miguu mitatu ya chuma juu ya kisima, wakafunga kapi, wakaanza kuvuta bomba moja baada ya jingine. Nami nilivuta, viganja vyangu bado vinauma. Mota ilipotoka ilikuwa imeungua. Alifunga mpya, akakagua nyaya za sola moja baada ya nyingine, akakuta mahali panya alipotafuna, akapafunga. Wanawake walikuwa wamekaa pembeni na ndoo tupu. Hawakuwa wanapiga soga. Walikuwa wanatazama mikono yake tu.

Jua la alasiri lilipotoka akawasha. Kwanza bomba lilikohoa. Likatema maji ya tope, halafu ya rangi ya chai, halafu meupe. Nilidhani watapiga vigelegele na kugombania. Vigelegele walipiga, lakini hakuna aliyesogeza ndoo. Walipisha, madumu ya zahanati yakajazwa kwanza. Muuguzi mwenyewe alikuja na baiskeli yake, akajaza, akaondoka anaisukuma huku anajifuta macho kwa bega. Baada ya hapo ndipo kila mtu akachota. Mjomba amenipigia jana, anasema watoto wawili wa mwisho wamesharuhusiwa kurudi nyumbani, na hakuna mgonjwa mpya.

Erica alipomaliza alitafuta mahali penye mtandao, akapiga kituo cha afya Bahi. Tangu asubuhi alikuwa hajakaa chini. Nilimwona amesimama juu ya kichuguu, kidole sikioni, anasikiliza. Mkono wa Ruthu ulikuwa umeteguka tu, wameufunga. Mtoto hana hata mchubuko, ananyonya. Erica akasema "Asante, asante," mara nyingi, akateremka.

Mimi nikaenda kumsaidia Khalidi kupakia mabomba ya zamani. Niliporudi kumtafuta sikumwona. Nikazunguka gari. Alikuwa ameketi chini, ameegemea tairi la nyuma, matope mpaka kwenye nyusi, mikono imelala wazi mapajani. Amelala usingizi mzito. Na wanawake waliokuwa wanatoka kisimani na ndoo zimejaa kichwani, walipofika pale kwenye gari walikuwa wanakaa kimya na kupita kwa kunyata, mmoja baada ya mwingine, maji yasimwagike na yeye asiamke.

Nimeishi na Erica miaka kumi na sita. Nilidhani nimekwisha kumjua. Nilisimama pale kama mtu aliyeletewa mchumba siku hiyo.

Mama alikuja akasimama karibu yangu, naye akamtazama. Halafu akaniambia kwa sauti ndogo, "Ukimwandikia Methusela, mwambie gari alimwachia mtu hasa."

Nimefikisha.

Erica anakuamkia, na anamsalimu wifi yake Mwanne, anasema wale dagaa wa Kigoma walifika salama na nusu tumempa mama. Mama yuko kwa mjomba mpaka mwisho wa mwezi, hataki kusikia habari za kurudi. Mjomba Sebastiani anakusalimu sana. Anna anawaamkia shangazi na wajomba wote, na ananikumbusha kuwa uliahidi kumfundisha kuendesha gari, kwa hiyo uje mgongo ukipona. Ukija usimwulize dada yako habari za matairi. Mwombe tu akupeleke kazini siku moja.

Mungu awatunze Uvinza, awape mvua za kiasi na usingizi mzuri, na njia zenu zote ziwe salama, za lami na za matope.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda na kukuheshimu,

Gabrieli